Uzoefu wangu na Lupin: nampenda Assane Diop, ila sijamsamehe

Nimeimaliza Lupin mara mbili. Mara ya kwanza niliiangalia kwenye simu, usiku, watoto wakishalala. Mara ya pili ilikuwa likizo ya Desemba, nyumbani kwa wazazi wangu Morogoro, tukiwa wanne sebuleni: mama, baba, wifi yangu na mimi. Ninayoandika hapa yanatoka zaidi kwenye mara ya pili. Peke yangu nilikuwa nimependa tu. Nilipokaa na watu tukaanza kubishana ndipo nikajua nimependa nini na kitu gani kinanikera.

Kwa ambaye hajaiona: Lupin ni tamthilia ya Kifaransa iliyoanza kuonyeshwa Netflix tarehe 8 Januari 2021. Steringi ni Assane Diop, mtoto wa mhamiaji kutoka Senegal. Baba yake, Babakar, alikuwa dereva wa familia ya kitajiri ya Pellegrini jijini Paris. Mwaka 1995 akasingiziwa kuiba mkufu uliowahi kuwa wa Malkia Marie Antoinette, akafungwa, akajinyonga gerezani. Mwanawe akabaki na kitabu alichopewa zawadi na baba: hadithi za Arsène Lupin, yule mwizi muungwana aliyebuniwa na mwandishi Maurice Leblanc mwaka 1905. Miaka 25 baadaye Assane ni mwizi wa aina hiyohiyo, na anataka kujua nani alimmaliza baba yake.

Omar Sy ndiye anayemwigiza. Nikisema tamthilia nzima imekaa mabegani mwake sitii chumvi.

Angalieni kipande cha kwanza tu. Assane ameajiriwa kufanya usafi kwenye makumbusho ya Louvre. Yuko na sare yake na vifaa vyake, na hakuna anayemtazama usoni. Halafu anarudi palepale amevaa suti, anajiita Paul Sernine, bwana mwenye hela zake aliyekuja kwenye mnada kuununua ule mkufu. (Zipangeni upya herufi za Paul Sernine mtaona kinachotokea.) Mwisho wa mchezo mkufu unatoka mle ndani kupitia pipa la taka, kwa mkono wa mfanya usafi, na walinzi wanampisha apite. Mama yake Omar Sy mwenyewe alikuwa mfanya usafi, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Walitoka Mauritania na Senegal wakalea watoto wao Trappes, nje kidogo ya Paris. Nilipolijua hilo nikarudi kuangalia anavyotembea akiwa na sare ile. Hatembei kinyonge. Anatembea kama mtu aliyezoea kutoonekana, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Hata wakati wa kuitangaza tamthilia, Omar Sy alivaa nguo za fundi akapanda ngazi kwenye kituo cha treni za chini Paris, akabandika bango lenye sura yake mwenyewe, na watu wengi wakapita bila kumtambua. Uso uko ukutani, mwenye uso yuko kwenye ngazi, na wao wanawahi treni.

Wifi yangu ni mtu wa Lubumbashi. Kifaransa amesomea tangu chekechea, kwa hiyo mama alipata mkalimani wa kumtafsiria moja kwa moja bila kupitia Kiingereza. Kuna mahali Assane anajifanya polisi, anaenda kwa bibi mmoja tajiri na kumwambia wezi wanazunguka mtaani, ampe vito vyake avitunze. Yule bibi anavitoa mwenyewe, huku akieleza kwamba almasi zile zilipatikana Kongo enzi za Wabelgiji, kule ambako mtu ulijichukulia tu. Wifi alikuwa anatafsiri vizuri, akafika hapo akanyamaza. Mama akamuuliza, "Amesema nini, mwanangu?" Akajibu, "Anasema waliiba kwetu, mama. Anasema anacheka." Assane alipoondoka na mfuko wa vito wifi alipiga makofi, na kuanzia hapo hakutaka kusikia neno baya juu yake.

Sasa nije kwenye ubaya wake, maana upo, na ndio ulioniweka macho.

Assane ana mtoto wa kiume, Raoul, aliyezaa na Claire. Hawaishi pamoja tena. Anampenda mtoto wake, hilo halina ubishi. Linaonekana kila anapomkumbatia. Lakini anaahidi na hatokei. Anachelewa. Anadanganya anakotoka. Kisha anakuja na kile kicheko. Omar Sy alianzia kwenye vichekesho, kwa miaka akiwa na Fred Testot kwenye televisheni ya Canal+, kabla ya filamu ya Intouchables iliyompa César, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2012, mweusi wa kwanza kuipata. Kwa hiyo kucheka anakujua kama fundi anavyoijua nyundo yake. Kinaanzia machoni, kinashuka, mabega yanapanda, na wewe uliyekuwa umenuna unajikuta umelegea. Claire anamfungulia mlango akiwa na hasira za haki kabisa, na ndani ya dakika moja ndiye anayejizuia asitabasamu.

Mama alimtazama vipande viwili tu, akasema, "Huyu akicheka umeshasahau alichokukosea." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, anachambua mchele. Baba alikuwa kiti cha pembeni, hakugeuka.

Niwaeleze kidogo. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa, Dar kwenda Tunduma, akivuka Zambia hadi Kongo. Alikuwa na kicheko hichohicho. Akirudi nyumba nzima inachangamka: vitenge vya Kongo kwa mama, hadithi za barabarani, watoto wa jirani nao wanajaa mlangoni. Na alikuwa anaahidi. Mwaka 2003, mahafali yangu ya darasa la saba, aliahidi atakuwepo. Mama akapika pilau, sahani ya baba ikawekwa mezani imefunikwa kawa. Nilikaa na sare yangu mpaka taa za jirani zikazimwa. Asubuhi kawa lilikuwa palepale, na mama akaniambia niwape kuku ule wali. Alirudi wiki mbili baadaye na kitenge, akacheka, nami nikacheka.

Ndiyo maana kipande cha tano kiliniuma. Ni siku ya kuzaliwa ya Raoul, tarehe 11 Desemba, tarehe aliyozaliwa pia Maurice Leblanc. Assane anawachukua mtoto na mama yake kwa treni hadi Étretat, pwani ya Normandy, penye yale majabali meupe, ambako wapenzi wa Arsène Lupin wamejazana wamevaa kofia ndefu nyeusi na majoho. Anajua kabisa anawindwa. Mtu aliyetumwa na Pellegrini yumo kwenye treni ileile. Mtu mwenye akili za kupanga wizi wa Louvre alishindwa kusema maneno matatu, "mwanangu, tutaenda mwakani". Matokeo yake mtoto anatoweka ufukweni, katikati ya kofia zote zile zinazofanana. Mara ya kwanza bando langu liliisha palepale, Assane anakimbia huku anaita. Nililala na ile sauti kichwani.

Sebuleni tulibishana mpaka chai ikapoa. Wifi alisema mimi namhukumu kama mtu aliyekulia kwenye amani. Kijana wa miaka 14 aliyepokonywa baba kwa dhuluma, kila anachofanya ni kumtafutia haki marehemu. Nikamwambia haki ya marehemu inalipwa na mtoto aliye hai. Akasema, "Wifi, wewe unataka baba asiye na jeraha." Nikasema nataka baba anayepiga simu. Mama akatuambia tupunguze sauti, watu wanaongea.

Kwa kuwa haya ni maoni kwa anayefikiria kuiangalia, niseme na kasoro nyingine. Mtu wa urefu wa mita 1.9 anavaa kofia na miwani, na polisi wote wa Paris hawamjui. Sehemu ya kwanza nilikubali, kwa sababu hoja yenyewe ni kwamba watu wanatazama sare na rangi; hata gerezani anabadilishana nafasi na mfungwa mwingine mweusi na hakuna anayeshtuka. Ila sehemu ya 3, iliyotoka Oktoba 2023, tayari picha yake iko kila gazeti, na bado ndevu za bandia zinatosha. Hapo walinichosha. Claire naye hakutendewa haki. Ludivine Sagnier anaigiza vizuri sana, anaweza kukuonyesha uchovu wa miaka 15 kwa kuvua koti tu, lakini waandishi wamempa kazi ya kungoja na kulalamika. Ningetaka kumwona siku yake nzima bila Assane. Kwa upande mwingine, Mamadou Haidara, kijana anayemwigiza Assane wa utotoni, ana utulivu mkubwa kwa umri wake, na matukio ya nyuma ndiyo yaliyonifanya nisiache hata pale hadithi ilipoanza kuyumba.

Sehemu ya 3 ina jambo moja nililolipenda hata hivyo. Assane anajifanya amekufa ili familia yake ipumue, halafu anashindwa kukaa mbali. Anajibadilisha na kuwa kocha kwenye timu ya kikapu ya mwanawe. Raoul anazungumza na kocha, hajui ni baba. Utazame uso wa Omar Sy pale: kicheko chake hawezi kukitumia kwa sababu kingemuumbua. Kwa mara ya kwanza inabidi amsikilize mtoto mpaka mwisho. Nilimwambia wifi, huyu ndiye Assane niliyekuwa namsubiri tangu mwanzo, na wifi akakubali, ingawa alisema sikumstahili.

Ushauri wangu: wekeni sauti ya Kifaransa na maandishi ya chini, kwa lugha yoyote mnayoisoma haraka. Nilijaribu ile iliyoingizwa sauti za Kiingereza nikaizima baada ya dakika 10. Sauti ya Omar Sy ni nzito na ina joto, na anaibadilisha kulingana na anayeongea naye: akiwa na matajiri anaibana, akiwa na rafiki yake Benjamin inalegea. Ukiiondoa umebaki na kofia tu. Na pakueni vipande mapema kama bando lenu ni la kubahatisha.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, lakini kuna jambo la baba.

Siku zote nne baba hakusema chochote. Nilidhani anasinzia. Siku ya mwisho wifi alirudia kipande cha kwanza kwa ajili ya kaka yangu aliyefika jioni. Kuna pale mvua inanyesha, gari la mama Pellegrini limezima, Babakar anasogea kumsaidia, na yule mama anapomwona anafunga milango kutoka ndani. Ule mlio wa kufuli. Baba akasema, "Hapo ndipo alipofungwa yule. Mengine yote yalifuata tu." Tukageuka wote.

Kisha tukafika pale Babakar anaposhawishiwa asaini karatasi ya kukiri ili mambo yaishe. Mama akamwambia yule dereva kwenye kioo, "Usisaini, baba, usisaini." Na baba yangu, akiwa anatazama mbele, akasema yeye alisaini. Kampuni aliyokuwa akiiendeshea lori ilidai amenyonya dizeli njiani. Walimweka Tunduma siku tisa. Wakamletea karatasi: saini, ukatwe mshahara, urudi barabarani, au ukatae na lori lichukuliwe na mwingine. Hakuwa amechukua hata lita moja. Alisaini Oktoba 2003.

Mama aliacha kuchambua mchele. Nilipomwangalia nikajua naye alikuwa halijui.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ningekwambia nini, na wewe ulikuwa umevaa sare?" Nikamwambia, "Baba, ungepiga simu. Ya mama Amina dukani ilikuwepo." Akasema, "Ilikuwepo." Hakucheka. Wifi akachukua rimoti akasimamisha picha, Babakar akiwa ameshika kalamu, na kaka akauliza kama tunaendelea au tule kwanza.