Kiti (seti ya vipuri vya kukarabati) ya kabureta ya Mustang 1966, nimeifunga mwenyewe nyumbani Pasiansi, Mwanza

Wadau wa magari ya zamani, hii kiti nawashauri mchukue. Gari ni Ford Mustang ya 1966, injini V8 ya lita 4.7, kabureta (ile inayochanganya petroli na hewa) ni Autolite 2100, ilikuwa inakunywa petroli kama imetoboka tangi na ukikanyaga tu inashtuka kwanza ndo inaondoka. Niliagiza kiti kutoka Marekani, mpaka inafika Mwanza ikawa imenitoka laki moja na ushee. Ndani kuna gasketi zote, sindano ya kufungulia na kufungia petroli na siti yake inapokalia, diaframu (kiwambo laini) ya pampu inayorusha petroli ukikanyaga, na pawa valvu ya kuongeza petroli gari ikivuta kwa nguvu. Ile diaframu ndo ilikuwa ugonjwa wenyewe, ya zamani ilikuwa imekauka ngumu kama ngozi ya ngoma, nimeweka mpya na kule kushtuka kumeisha kabisa, niliwaita watoto waje wasikie!

Ila jeti, yaani vitundu vya kupimia petroli, haziji na kiti, na kwa huku hilo ni la kuangalia sana, maana Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa hiyo jeti za kiwandani zinamwaga mafuta kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi tii. Mi nimeshusha jeti saizi mbili, plagi sasa zina rangi ya kahawia safi. Floti, lile boya la ndani ya kabureta, pimeni kimo chake vizuri kabla ya kufunga kifuniko, msikadirie kwa macho. Kazi yote Jumamosi moja tu, na petroli ya kuoshea fanyieni nje jamani, mbali na jiko la mkaa.