Nyanya za mbegu za kizamani hapa Jinja, Uganda, misimu mitatu, huu ndo uzoefu wangu

Mnaoniuliza kuhusu zile nyanya zangu za zambarau, haya leo nimekaa niandike yote mara moja. Niko Bugembe, nyuma ya nyumba nina matuta manne tu na madebe ya rangi niliyoyatoboa chini, na huu ni msimu wa tatu napanda mbegu za kizamani, zile ukikamua mbegu ukapanda tena unapata nyanya ileile, sio za F1, yaani chotara, ambazo ukirudia mbegu yake watoto wanatoka kila mmoja na sura yake.

Nilianza na Brandywine, na nikiri tu ilikuwa picha ndo ilinimaliza. Mbegu 10 kwa shilingi 25,000, mume wangu akauliza kama zimepakwa dhahabu. Zikaota 7. Majani yake mapana kama ya irishi (viazi mviringo), mche unapanda juu hauna breki, usipoweka mti mrefu na kutoa maotea kila wiki unakuwa kichaka, na tunda linachelewa, toka nihamishe miche hadi nyanya ya kwanza ni kama siku 95. Sasa kwa Jinja hapo ndo pabaya, nilipanda mwezi wa 3, mvua ya mwezi wa 4 na wa 5 ikazikuta bado kijani, ukungu ukaingia na ndani ya siku nne tano majani yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto. Nyanya nilizokula ni 6, banange, sita! Ila utamu wake sisemi, nilikata moja nikanyunyiza chumvi nikaimaliza nimesimama palepale jikoni, chapati nikaisahau.

Cherokee Purple, hiyo ya zambarau mnayoniuliza, ndo iliyobaki kwangu. Ya Marekani, rangi yake kama mahali pamevilia damu, mama mkwe alivyoiona akasema hizi zimeoza mwanangu tupa. Hii ilizaa mapema kidogo, na msimu wa pili nikawa mjanja, miche nikaitoa kitaluni katikati ya mwezi wa 5 ili matunda yakute kiangazi cha mwezi wa 7. Ganda lake jepesi, mvua moja kubwa baada ya jua kali inapasuka, kwa hiyo ikianza tu kubadilika rangi naichuma inaivia ndani, na sioni tofauti ya ladha.

San Marzano sijui niseme nini maana nadhani sijawahi kuipanda. Pakiti nilinunua duka moja la pembejeo, imeandikwa San Marzano kabisa, yenyewe inajulikana kwa urefu, nyama nyingi, ya kupikia sosi, mimi nikavuna za duara kama mpira wa tenisi. Muuzaji ati ni udongo wako. Udongo gani unabadilisha umbo la nyanya? Na hizo za duara nusu zilioza kitako, hapo kosa langu, nilikuwa namwagilia leo kesho nasahau. Siku hizi natandaza majani makavu ya migomba, unyevu unakaa na tatizo limepungua sana.

Kilichonishangaza sasa, Money Maker na Marglobe zilizokaa maduka ya pembejeo miaka yote nazo ni za kizamani! Money Maker ni ya Uingereza, Marglobe ilitolewa Marekani 1925, na mbegu zake unaweka mwenyewe vizuri tu. Bei yake robo ya hizo za picha. Kwa roleksi (chapati ya mayai) ya asubuhi na mchuzi wa kila siku Money Maker inatosha kabisa, ladha haifiki Cherokee lakini ndoo inajaa.

Ukiona mche umenyauka ghafla mchana na majani bado kijani, kata shina ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi, kikitoka kama kiuzi cha maziwa huo ni mnyauko wa bakteria, hakuna dawa, ng'oa na pale usirudishe nyanya, irishi, bilinganya wala pilipili. Nilipoteza tuta zima hivyo, ndo maana nusu ziko madebeni.

Mbegu nazikamua na maji yake kwenye kikombe, zinakaa siku tatu zikinuka vibaya, naosha, nakausha kivulini. Za Cherokee zipo chupa nusu. Mwenye mbegu za nyanya ya Black Krim tubadilishane, ila nionyeshe tunda kwanza, sio pakiti.