CRRO: Ghala la Mtandaoni la Dinari za Roma na Visasili Vyake

Mpenzi wa sarafu za kale anayeishi mbali na makumbusho makubwa atanufaika na Coinage of the Roman Republic Online, kwa kifupi CRRO, huduma ya bure ya American Numismatic Society ya New York inayoorodhesha sarafu za Jamhuri ya Roma, yaani za kabla ya makaisari. Imejengwa juu ya namba za orodha ya sarafu hizo iliyotolewa na mtaalamu Michael Crawford mwaka 1974, na chini ya namba hizo huwekwa picha za sarafu halisi kutoka hazina mbalimbali, zikiwemo za British Museum na za Berlin.

Sifa yake kubwa ni kwamba unaweza kutafuta kwa jina la mungu. Ukiwachagua mapacha Castor na Pollux, utafikishwa hadi kwenye dinari (sarafu za fedha za Roma) za mwanzo kabisa, za mnamo mwaka 211 K.K., ambazo upande mmoja zina kichwa cha mungu-mke Roma mwenye kofia ya chuma, pamoja na alama ya X iliyoonyesha kuwa dinari ilikuwa sawa na asi 10 (asi ni sarafu ya shaba), na upande wa pili mapacha hao juu ya farasi waendao mbio.

Iliyonivutia zaidi ni namba 362/1, ya Caius Mamilius Limetanus, afisa aliyesimamia utengenezaji wa sarafu, ya mwaka 82 K.K. Ukingo wake umechongwa meno kama msumeno, na nyuma yake Odysseus, shujaa wa visasili vya Kigiriki aliyerudi nyumbani baada ya safari ndefu, akiwa ameshika fimbo, anamnyooshea mkono Argus, mbwa aliyemtambua bwana wake baada ya miaka 20. Hapa ndipo upungufu wa CRRO unapojitokeza: maelezo yanataja kilichochorwa, basi. Hayasemi kwamba ukoo wa Mamilius ulidai kuwa umetokana na Telegonus, mwana wa Odysseus na mchawi Circe, na kwamba afisa huyu alikuwa akitangaza nasaba yake kwa sarafu za serikali. Ndivyo ilivyo pia kwa dinari ya Julius Caesar, namba 458/1, yenye Aeneas, shujaa wa Troya, aliyembeba baba yake Anchises begani. Asiyejua kwamba Caesar alijinasibisha na mungu-mke Venus, mamake Aeneas, atakiona kichwa cha Venus upande wa mbele kuwa pambo tu.

Ubora wa picha haulingani, lakini anayekusudia kununua dinari atapata vielelezo vya kulinganishia mchoro na uzito, ambao kwa nyingi za karne ya kwanza K.K. hukaribia gramu 3.9. Sarafu za makaisari, kuanzia Augusto, hazimo humu. Zinapatikana katika OCRE, huduma nyingine ya taasisi hiyo hiyo.