Bastola isiyoonekana au jicho la mjane: kipi kiliiponza zaidi kesi ya Palme?

Waziri Mkuu wa Sweden, Olof Palme, aliuawa kwa risasi barabarani Stockholm usiku wa Februari 28, 1986, akitoka sinema na mkewe Lisbet.

Tuanze na vielelezo. Polisi walizungushia utepe eneo dogo mno, na risasi zote mbili ziliokotwa na wapita njia (aibu ya mwaka hiyo). Bastola yenyewe haijaonekana hadi leo, ingawa mamia ya silaha yalipimwa. Hapo hakuna la kubishana: kisichokuwepo hakipo, na kila mtu anaona pengo.

Kumbukumbu ni jambo jingine kabisa. Lisbet alionyeshwa gwaride la utambuzi kwa video mwishoni mwa 1988, karibu miaka mitatu baadaye, huku akiwa ameshasikia kwamba mshukiwa ni mlevi. Akamtaja Christer Pettersson. Hakuwa mwongo, lakini akili ikishadokezwa, huchora sura na kuiamini. Julai 1989 Pettersson akahukumiwa kifungo cha maisha, na Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikamwachia.

Kwangu, kumbukumbu ndiyo hatari zaidi, maana pengo la bastola halikumfunga mtu. Ila yakikutana mawili hayo, ndipo balaa: bastola ingepatikana, maneno ya mjane yangepimwa nayo.

Juni 2020 mwendesha mashtaka alifunga faili kwa kumtaja mshukiwa mwingine, Stig Engström, aliyefariki mwaka 2000. Silaha bado haikuwepo.