Eabrashi na kompresa za kupaka mabaka ya modeli za ndege za kivita: zipi zinunuliwe kwanza

Kabla ya kuuliza bei, piga hesabu ya ukingo wa baka. Phantom F-4 za Jeshi la Anga la Marekani katika vita vya Vietnam zilipakwa juu kwa rangi tatu, kahawia ya udongo na kijani mbili, na mahali baka moja linapokutana na jingine rangi zilififia badala ya kukatana kama kwa rula. Tuseme ufifiaji huo ulikuwa na upana wa sentimeta 5 kwenye ndege halisi. Kwenye modeli ya skeli ya 1:32 (iliyopunguzwa mara 32) unabaki milimita 1.6, kwenye 1:48 milimita 1, na kwenye 1:72 milimita 0.7 tu. Unanunua eabrashi, kalamu inayopuliza rangi kwa hewa ya kompresa, ili kuchora ukingo huo bila kutetemeka, baka baada ya baka. Kupaka praima (rangi ya msingi) au rangi moja mwili mzima ni kazi nyepesi. Karibu kila chombo kinaiweza.

Ukingo mwembamba hupatikana kwa presha ndogo, bar 0.8 hadi 1, ncha ya eabrashi ikiwa sentimeta 1 hadi 2 kutoka kwenye plastiki. Kwa bar 2 katika umbali huo, hewa huisukuma rangi mbichi pembeni ikatawanyika kama miguu ya buibui. Kwa hiyo tunasema bila kusita: fedha ziende kwenye kompresa kwanza. Eabrashi ya wastani kwenye hewa tulivu itachora ukingo mzuri kuliko eabrashi ya kifahari kwenye hewa inayoruka-ruka.

Kompresa ya kwanza kwenye orodha yetu ni ndogo ya pistoni yenye tangi la lita 3, aina inayouzwa kwa majina mengi lakini mara nyingi ikiandikwa AS-186. Hujiwasha tangi likishuka hadi bar 3 na kujizima ikifika 4, ina kidhibiti cha presha, geji na kichujio cha maji. Tangi ndilo unalolipia. Pistoni hutoa hewa kwa mapigo, na tangi huyameza. Bila tangi mapigo hayo hufika hadi kwenye ncha na mstari mwembamba hutoka na vinundu. Kwa sababu hiyo, kompresa isiyo na tangi tunaiweka ya pili, ingawa ni nafuu na nyepesi. Ukiinunua, tumia mpira wa hewa mrefu wa mita 3, utapunguza mapigo kidogo.

Kompresa ya gereji ya lita 24 au 50, kama tayari unayo, haina haja ya mbadala. Kasoro zake mbili ni kelele na kidhibiti chake, ambacho kimetengenezwa kwa bar 6 na zaidi na hakitulii vizuri kwenye bar 1. Ongeza kidhibiti kidogo cha pili na kichujio karibu na eabrashi.

Vikompresa vya betri vinavyofungwa chini ya eabrashi tunaviweka chini kabisa kwa kazi ya mabaka: vingi havina njia ya kushusha presha, na uzito wake unachosha kifundo cha mkono. Makopo ya gesi yasinunuliwe kabisa. Gesi ikitoka kopo hupoa, likipoa presha inashuka, na utajikuta katikati ya bawa mstari umebadilika.

Angalia pia umeme. Kompresa iliyoagizwa kutoka Marekani ni ya volti 110 hadi 120. Ukiichomeka kwenye 230 au 240 za Kenya au Tanzania, mota inaungua. Na kwa aliye pwani, Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, kichujio cha maji si nyongeza ya hiari. Hewa yenye unyevu ikikandamizwa huacha maji, na tone moja likipita kwenye eabrashi huharibu baka lote. Fungua skrubu ya chini ya tangi kila umalizapo kazi, maji yatoke.

Sasa eabrashi. Sharti ni mbili: kikombe kiwe juu ili rangi ishuke kwa uzito wake hata kwa presha ndogo, na kitufe kiwe cha kazi mbili, ukibonyeza hewa inatoka, ukivuta nyuma rangi inafuata.

1. Iwata Eclipse HP-CS, tundu la milimita 0.35. Tunaipa nafasi ya kwanza kwa sababu inamudu mambo yote, kuanzia praima hadi ukingo wa 1:48. Nozeli yake, yaani kipande cha ncha chenye tundu hilo, inadumbukizwa tu mahali pake, haina hesi (nyuzi za skrubu) ndogo za kukatika, na pete inayozuia rangi kurudi nyuma kwenye sindano haivimbi kwa thina (kimiminika cha kuzimulia rangi) kali.

2. Harder & Steenbeck Evolution ya 2024, tundu la 0.28. Kwa 1:72 tungeitanguliza. Kusafisha ni rahisi mno, kwani nayo nozeli haifungwi kwa hesi. Kasoro: tundu dogo linataka rangi nyepesi zaidi na huziba upesi.

3. GSI Creos Procon Boy PS-289, tundu la 0.3. Ina kikombe cha mililita 10 na skrubu ya kupunguza hewa chini ya mwili wake. Skrubu hiyo ni msaada mkubwa kwa mwenye kompresa isiyoshuka vizuri.

4. Eabrashi za Kichina zisizo na jina, tundu la 0.3. Zinafaa kujifunzia. Nozeli yake ni ndogo kama punje na ina hesi laini sana. Ikazwe kwa vidole viwili tu, maana ukiilazimisha kwa spana inakatikia ndani. Pete za mpira huvimba kwa thina ya laka (aina ya rangi yenye kiyeyusho kikali), kitufe kikaanza kukwama. Nunua mbili, moja iwe ya vipuri.

5. Paasche H. Imara sana, lakini kiasi cha rangi kinawekwa kwa kuzungusha ncha, hakibadiliki mkono ukiwa unatembea. Kwa mabaka ya kufifia ni mateso.

Usisahau mpira wa hewa: hesi za 1/8 inchi zinaingia kwenye Iwata na nyingi za Kichina, lakini eabrashi za Paasche na Badger zina hesi zao, hivyo uliza adapta palepale dukani.

Kwa Phantom tuliyoitaja, rangi za laka za Mr. Color ni namba 311 ya tumbo, 310 ya kahawia, 303 na 309 za kijani, chupa moja moja ya mililita 10 kwa 1:48. Changanya sehemu 1 ya rangi na 2 za Mr. Color Levelling Thinner. Thina hiyo huchelewesha kukauka, jambo linalosaidia pia siku za unyevu ambapo laka hugeuka nyeupe-nyeupe. Anza na tumbo, kisha kahawia juu yote, kisha kijani isiyokoza, na iliyokoza mwisho. Chora mpaka kwanza, halafu jaza ndani, ncha ikielekezwa katikati ya baka ili vumbi la rangi lisiruke nje.

Ukingo ukitoka na chembe kama msasa, rangi inakauka kabla ya kugusa plastiki: sogea karibu au ongeza thina. Mstari ukianza na tone, umevuta rangi kabla ya hewa. Mstari ukikatika, rangi imeganda kwenye ncha ya sindano. Ifute kwa pamba yenye thina kila dakika chache.

Laka hutoa mvuke wenye sumu. Katika bajeti hiyo hiyo weka barakoa yenye vichujio vya mvuke, vile vyenye mstari wa kahawia na herufi A. Ya kitambaa haizuii kitu.