Kasino imeshafunguliwa, kodi ya Florida bado inakatwa

Nyota moja kwa safari hii ya meli ya kitalii. Huenda nikaipandisha kabla sijamaliza kuandika, huenda nisiipandishe.

Habari za chakula, vyumba na mabwawa zitafuteni kwingine. Mimi nina neno na risiti ya baa. Meli ilitoka Miami jioni moja ya kipindi cha baridi kilichopita, ikielekea Bahamas, na kifurushi cha vinywaji kilishalipiwa nyumbani, kile wanachokinadi kwamba ukishakinunua umemaliza. Risiti ya kwanza, kabla hatujang'oa nanga, ilisoma hivi: kokteli dola 14.00, kifurushi kimetoa 14.00, kodi ya mauzo 0.98. Deni: 0.98.

Wengi huanza kufoka papo hapo, na hapo mimi simo. Hizo senti 98 ni halali. Meli ikiwa imefungwa gatini Miami, kinywaji kilichouzwa ndani yake kimeuzwa Florida, na Florida inatoza asilimia 6 za jimbo, juu yake asilimia 1 ya kaunti ya Miami-Dade. Port Everglades, iliyo kaunti ya Broward, nayo ni 7. Tampa ni 7.5, Galveston kule Texas ni 8.25. New York City ndiyo kiboko: 4 za jimbo, 4.5 za jiji na 0.375 za usafiri wa umma, jumla 8.875. Kifurushi cha aina hii kinafuta bei, hakifuti kodi, na maneno hayo yameandikwa kwenye masharti kwa herufi za ukubwa wa chawa. Sisi tuliozoea kwamba bei ya rafuni ndiyo bei, VAT ya 16 ya Kenya au 18 ya Tanzania ikiwa imo humohumo ndani, tunashtuka. Marekani kodi huja kaunta. Tukubali, yaishe.

Lakini kodi hiyo ina mwisho wake, na mwisho wenyewe ni mstari baharini. Upande wa Atlantiki maji ya Florida yanaishia maili 3 za baharini. Upande wa Ghuba ya Mexico, Florida na Texas zote zina maili 9, ndiyo maana anayetoka Tampa au Galveston hukatwa kwa muda mrefu zaidi. Tampa hasa, maana kuna ghuba nzima ya kupita kabla hata hujaiona bahari yenyewe. Miami ni chapchap. Mwangalie rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kutoka gatini: boti yake ikija ubavuni naye akashuka kwa ngazi ya kamba, mkondo wa bandari umekwisha. Meli ikishika mwendo wa noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, maili 3 ni dakika 12. Kwa dalili nyingine huna haja hata ya kutoka nje. Maduka yasiyo na ushuru na kasino hufungwa meli ikiwa bandarini. Vikifunguliwa, mmeshavuka.

Sasa nisikilizeni. Rubani ameshuka zamani. Ramani kwenye televisheni ya chumbani inatuonyesha katikati ya maji, Miami iko nyuma huko. Duka la manukato liko wazi, kasino inapiga kelele, watu wamesharudi kutoka kula. Risiti yangu ya saa mbili kasoro usiku: kokteli 14.00, kifurushi kimetoa 14.00, kodi 0.98. Iliyofuata, hivyohivyo. Kwa mujibu wa kasino tuko bahari kuu, kwa mujibu wa baa bado tumefungwa gatini!

Kinachotokea ni hiki. Mashine ya malipo ya baa haijui meli iko wapi. Kodi imewekwa kwenye mfumo na mtu wa hesabu humo melini ndiye anayeiondoa mkishavuka. Akichelewa, au mashine moja isipopokea badiliko, hiyo inaendelea kukata. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: baa ya bwawani ilikuwa imeshaacha, baa ya ghorofa ya juu bado. Kinywaji kilekile, usiku uleule, huku sifuri, kule 0.98. Kosa la kawaida, dakika tano za kazi.

Kijana wa kaunta ya huduma hakuzitazama risiti. "Ni senti tu hizo." Nikamwambia kasino iko wazi. "Kodi ni ya serikali, sisi tunakusanya tu." Nikamsogezea risiti mbili za baa mbili, saa zimeandikwa juu yake. Akatazama nyuma ya bega langu: "Foleni ni ndefu." Akaita mtu mwingine.

Senti tu. Zizidishe kwa maelfu ya abiria na glasi zao za jioni nzima, halafu uniambie tena ni senti. Na kisheria, kodi iliyokusanywa kwa kukosea ama anarudishiwa mnunuzi ama inapelekwa jimboni. Haibaki kwa muuzaji.

Mkizishika risiti, tazameni na bakshishi. Asiye na kifurushi huwekewa bakshishi ya lazima, mara nyingi asilimia 18. Kwenye kokteli ya dola 14 hiyo ni 2.52. Kodi ikipigwa kwenye kinywaji peke yake ni 0.98, ikipigwa kwenye kinywaji na bakshishi, inakuwa 1.16. Kanuni ya Florida ni kwamba bakshishi ya lazima haitozwi kodi ikiwa imeandikwa kando na yote inakwenda kwa wafanyakazi, mwajiri hapati kitu. New York nayo hivyohivyo. Kwa hiyo ukiona 1.16, waulize bakshishi inaishia kwa nani. Hata yangu ya kifurushi ilikuwa 0.98. Hapo walikuwa safi, nawapa nyota ya pili.

Na ya tatu ningempa mtu wa baa ya bwawani, kijana wa Mombasa, aliyetusikia tunaongea akaniinamia: "Kaka, hiyo ya pili ngoja kidogo, tukitoka nje utaipata bila kodi." Neno moja, na ndilo nililolitaka kwa kampuni nzima.

Wanaonunua kifurushi humo humo melini wawe waangalifu zaidi. Ukikinunua siku ya kwanza meli ikiwa gatini, unaweza kutozwa kodi kwenye bei yote. Dola 70 kwa siku, siku 7, ni 490. Asilimia 7 yake ni 34.30. Muulize muuzaji kwanza, na akikubali, kingoje mpaka muwe nje. Kwa safari za Texas na New York kuna kampuni ambazo vifurushi vyao vya pombe havianzi kabisa mpaka siku ya pili.

Nikisema Marekani ni wabaya nitakuwa mwongo, maana Ulaya ni kali zaidi. Huko kanuni ni bandari ya kuanzia: safari isiyotoka nje ya Umoja wa Ulaya hufuata kodi ya nchi ulikopandia, hata mkiwa mbali nayo. Ukianzia Barcelona ni asilimia 10 kwenye vinywaji vya baa na 21 kwenye bidhaa za dukani. Mkitia nanga Morocco au Uturuki hesabu inabadilika. Feri za Finland na Sweden zinaujua mchezo huu tangu 1999, Ulaya ilipofuta maduka yasiyo na ushuru kwa safari za ndani: zinapitia visiwa vya Åland, vilivyo nje ya eneo la VAT la Ulaya, hata usiku wa manane, na duka la melini linaendelea kuuza.

Pesa zangu zilirudi. Siku moja kabla ya kushuka niliomba taarifa nzima ya akaunti ichapwe (ombeni mapema, asubuhi ya mwisho akaunti inafungwa na kadi inakatwa pesa), nikaweka alama kila kodi yenye saa ya baada ya kasino kufunguliwa, nikampa msimamizi, mtu mzima mwenye adabu. Karatasi mpya ikaja. Kiasi sahihi, mpaka senti. Maelezo yake: "hisani kwa mgeni."

Hisani! Yangu mwenyewe! Nyota ya tatu nimeirudisha mfukoni, na ya pili iko mashakani. Mkirudi Miami alfajiri ya mwisho kodi inaanza upya mkishaingia maili 3, kwa hiyo kahawa ya kulipia achaneni nayo, ya kule kwenye chakula cha asubuhi ni ya bure.