Linux kwa gemu kwenye laptopu ya mtumba: uzoefu wangu hapa Moshi

Wakuu, kama unatafuta distro (toleo la Linux, na yako mengi) iliyoandikwa "gemu" usoni, maoni haya yatakukera kidogo. Nimechezea gemu kwenye Linux hapa Soweto, Moshi, nikapita kwenye distro kadhaa, na niliyobaki nayo ni Linux Mint, ile ile ambayo wengi huwawekea wazazi wao waandikie barua na kufungua barua pepe.

Mashine yenyewe ni laptopu ya mtumba: prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha saba, kadi ya michoro ya NVIDIA GTX 1050, RAM nimeiongeza ikafika GB 16. Kwa upande wa Intel, orodha rasmi ya Windows 11 kwa ujumla inaanzia kizazi cha nane, kwa hiyo yangu imeachwa nje, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu za umri huu ndizo mtu wa kipato cha kawaida anazozimudu hapa mjini, kwa hiyo nadhani wengi mko kwenye boti hii hii.

Kitu cha kwanza cha kuelewa: kinachoendesha gemu za Windows ndani ya Linux si distro, ni Proton. Valve, wenye duka la gemu la Steam, waliitoa mwaka 2018 ndani ya Steam. Humo kuna Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux), kuna DXVK inayogeuza maagizo ya Direct3D, sehemu ya DirectX ya Windows inayochora gemu, ya zamani mpaka 11 yawe Vulkan, lugha ya michoro ambayo Linux inaielewa, na VKD3D-Proton inayofanya kazi hiyo kwa Direct3D 12. Ukiishusha ukiwa Mint, Fedora au Arch, unapata Proton ile ile. Ndiyo maana ubishi wa distro ipi ina fremu (picha kwa sekunde) nyingi zaidi sikuupa muda. Niliyojiuliza ni mawili tu: ipi itaniwekea draiva (programu inayoendesha kadi) bila kunisumbua, na ipi haitanimalizia bando.

Tuanze na draiva. Kwenye Mint unafungua sehemu ya draiva, unachagua iliyopendekezwa, unawasha upya, basi. Ila laptopu kama yangu ina kadi mbili, ya Intel iliyomo kwenye prosesa na hii ya NVIDIA. Ukiziacha zijipange zenyewe, gemu inaweza kuangukia kwa Intel, ikawa inakokota, na wewe ukabaki kuilaumu Linux. Mint inaweka alama ndogo karibu na saa ya kuchagua kadi: Intel peke yake, NVIDIA peke yake, au NVIDIA ikihitajika tu. Nikiwa kwenye chaji naweka NVIDIA. Nikienda kazini narudisha Intel, chaji inadumu.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kadi za zamani mlitie maanani. NVIDIA wametangaza kwamba tawi la 580 la draiva ndilo la mwisho kwa kadi za Maxwell na Pascal, vizazi vyao vya zamani, na GTX 1050 ni Pascal. Arch hukimbilia toleo jipya kila linapotoka, na mwisho wa 2025 draiva yake ya kawaida ilihamia 590. Wenye kadi hizi wakawa na kazi ya kujitafutia ya zamani wenyewe. Kwa kadi yangu, distro isiyo na haraka ni faida tupu. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itatunzwa mpaka 2029.

Sasa bando, na hapa ndipo sikubaliani na sifa nyingi zinazotolewa na watu wenye faiba nyumbani. Distro ya gemu inayotajwa sana siku hizi ni Bazzite. Sifa zake ni za haki kabisa. Imetokana na Fedora Atomic, ambapo mfumo mzima ni "picha" moja, yaani nakala moja kamili isiyokatwa vipande. Sasisho likija, picha mpya inaandaliwa pembeni, unawasha upya na kuingia humo. Ikigoma, unarudi kwenye ile iliyotangulia. Kwa mwenye desktop isiyo na UPS, kwenye mtaa ambao umeme unakuja na kuondoka, hilo ni jambo kubwa: umeme ukikatika katikati ya sasisho, mfumo wako wa zamani uko salama vile vile. Ningekuwa na desktop ningeifikiria mara mbili.

Lakini picha hizo ni nzito na huja mara kwa mara. Hata kuanza tu, ISO (faili la kusakinishia) ya Mint haifiki gigabaiti 3, ya Bazzite ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mimi intaneti yangu ni hotspoti ya simu. Kwenye Mint masasisho yanakuja vipandevipande: ya usalama nashusha papo hapo, ya kerneli (kiini cha mfumo) na draiva nasubiri bando la usiku. Laptopu ina betri, na Timeshift inanitunzia nakala ya mfumo, kwa hiyo ile faida kubwa ya Bazzite kwangu inapungua uzito.

Steam yenyewe nayo ni mlaji. Kwenye Linux hupenda kushusha sheda (vijiprogramu vya kuchora picha za gemu) zilizoandaliwa tayari kwa kila gemu, na gemu ikisasishwa zinakuja tena. Ingia kwenye mipangilio ya upakuaji, zima. Gharama yake ni kukwamakwama kidogo unapoingia eneo jipya kwa mara ya kwanza, na DXVK tangu toleo la 2.0 imelipunguza sana hilo kwa kadi zenye draiva inayokubali. Mimi nimezima na wala sijutii.

Gemu kubwa huwa sizishushi, tunapeana na jamaa kwa diski ya nje. Kama gemu ni yako kwenye Steam, weka folda yake ndani ya steamapps/common, bonyeza kusakinisha, Steam itakagua kilichopo na kushusha pengo tu. Angalizo: usiichezee moja kwa moja kutoka kwenye diski ya NTFS, muundo wa diski wa Windows. Proton hutengeneza vitu vyenye majina kama "c:", na Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili, matokeo yake ni vurugu. Hamishia kwanza kwenye ext4, muundo wa diski wa Linux. Pia sakinisha Steam ya .deb (kifurushi cha kawaida cha Mint na Ubuntu), Mint imezima snap (vifurushi vya aina nyingine vya Ubuntu) tangu toleo la 20, na toleo la snap la Steam hata mtu wa Valve aliwahi kushauri hadharani watu waliepuke.

Uchezaji wenyewe? Dota 2, Counter-Strike 2 na Euro Truck Simulator 2 zina matoleo ya Linux kabisa. The Witcher 3 naiwasha kwa DirectX 11, kwa sababu gemu za DirectX 12 kwenye NVIDIA bado hupoteza fremu ukilinganisha na Windows, na kadi yangu haina fremu za kugawa. Januari na Februari, joto la Moshi likipamba moto, natumia MangoHud kuangalia nyuzi joto na kufunga fremu kwenye 45. Kaka yangu wa Arusha hunicheka kwa hilo. Kwao kuna baridi, aniache.

Kwa wenye kadi mpya za AMD ushauri wangu unageuka. Draiva yake imo ndani ya kerneli na Mesa (mkusanyiko wa draiva za michoro za Linux), na Mint huchelewa kuzipokea zote mbili. Hapo chukua Fedora au hiyo Bazzite, bando utalitafuta.

Na kuna ukuta ambao hakuna distro inayouvuka. Gemu zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu uliozama kwenye kerneli ya Windows hazifunguki: Valorant, Fortnite, FIFA 23 na EA Sports FC zilizofuata. Apex Legends ilikuwa ikichezeka, wenyewe wakaifungia Linux mwaka 2024. GTA V hadithi yake unaicheza, ila GTA Online tangu walipoweka BattlEye, ulinzi mwingine dhidi ya wadanganyifu, mwaka huo huo, hapana. Kabla ya kufuta Windows, tafuta gemu zako moja moja kwenye ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huripoti gemu zipi zinachezeka kwa Proton. Mdogo wangu ni mtu wa FC tu, saa zote, kwa hiyo laptopu yake sijaigusa. Iko na Windows 10 yake, na sijaona sababu ya kumshawishi.